Mwambie Ainame

Nimeshuka Isevya na vumbi la Sikonge kwenye nyusi,
mfukoni pesa ya tumbaku na barua ya afisa wanyamapori,
imekunjwa mara nne, muhuri unafifia kwa jasho.
Bi Zamoyoni anafungua kabati kwa ufunguo wa shingoni,
anazilaza darubini juu ya kitambaa chekundu
kama mkunga aliyezalisha mapacha watatu.

"Hii mchana rangi zote, usiku nyeusi na nyeupe,
inakuza mara nane. Hii inarekodi video,
utawaonyesha wajukuu. Na hii, baba, inapima masafa,
unaambiwa kabisa: mita mia na themanini na mbili."

Shamba langu halifiki mita mia na themanini.
Hapo ni kwa Mlekwa, na baada ya Mlekwa ni makaburi.

Nauliza betri. Saa sita, anasema.
Nguruwe wa Ipole hawana saa:
huja jogoo wa kwanza, huja mvua ikinyesha,
huja usiku uleule uliosema acha leo nilale.
Nauliza teke la bunduki, kioo kitalistahimili?
Nauliza sola yangu, ile ya taa mbili na redio.
Anajibu yote. Anaijua kazi yake.
Ananitajia vidoti milioni ngapi sijui,
na ule mwanga ambao jicho halioni ila mashine inauona,
kama siri ya watu wawili mbele ya wageni.

Swali lenyewe bado liko kooni.

Mwaka wa viwavijeshi, baba mdogo Kasele
alikwenda kuchimba karanga zake usiku,
maana mchana wadeni walikaa mlangoni.
Mwezi ulikuwa kipande cha kucha.
Baba yangu, juu ya dungu, na gobole la babu,
akaona mgongo.
Akaona mgongo unachimbua.
Nguruwe huchimbua hivyo. Mtu naye huchimbua hivyo.

Hakufa. Vipande vya nondo vilibaki pajani,
akatembea miaka thelathini na mmoja
kama anayekwepa dimbwi kila hatua,
na kila sikukuu baba alimpelekea mguu wa mbuzi,
na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Bi Zamoyoni, nina ombi.
Yule kijana wako anayepanga maboksi,
mwambie aende uani, taa zizimwe,
asimame kule kwenye ukuta wa choo.
Halafu mwambie ainame. Kama anachimba karanga."

Ananitazama. Anaitazama barua.
"Mrisho!"

Tunangoja Magharibi ipite, giza lishike,
milango ya Isevya ifungwe mmoja mmoja.
Nazishika mikononi tu, hakuna bunduki chini yake.

Ile ya mara nane: shati, shati tupu, limejaa kioo kizima,
Mrisho anasogea kidogo, nimempoteza.
Ile ya masafa: pembeni imeandika mita ishirini na mbili,
inajua alipo, haijui ni nani.
Mgongo wa majivu juu ya majivu.
Mgongo uleule. Mkono wangu umeingia baridi.

Ile ya wajukuu haivuti sana.
Lakini lile pale ni sikio.
Ile ni kola iliyokatika uzi,
ile ni ndala iliyofungwa waya,
na anajikuna muundi kwa mguu wa pili,
meno nje, ananicheka gizani
akidhani simwoni.

"Hii," nasema.
"Video yake?"
"Video sina haja nayo."

Bei ya fahali wawili. Nahesabu, anahesabu,
tunahesabu tena, mia tano imejificha ndani ya barua.
Mrisho anaingia akipangusa magoti:
"Mzee, nilikuwa mnyama gani?"

"Mtu," namwambia.
"Lakini siku ukija Ipole usiku,
piga mluzi."